Waya za meno zimetoka, lakini kazi bado

Siku daktari aliponitoa waya za meno, nilitembea kutoka kliniki hadi steji nikilamba meno njia nzima. Ulimi haukuamini. Kwa miaka 2 na miezi 4 ulikuwa umezoea kukwaruzwa na vyuma, na leo unateleza tu kama uko juu ya sahani iliyotoka kuoshwa. Nilijipiga selfi 7 ndani ya matatu ya Jogoo Road kabla hatujafika City Stadium. Makanga akaniuliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa. Nikamwambia ni karibu hivyo.

Kama umewahi kuvaa bresi, au uko nazo sasa hivi na unahesabu miezi, unajua ninachosema. Unaota mahindi choma. Unaota muwa, njugu karanga, ule mfupa wa nyama choma ambao wenzako huuguguna wewe ukiangalia. Lakini kuna jambo ambalo hatulisikii vizuri tukiambiwa, kwa sababu ya furaha. Siku waya zinatoka ndiyo siku kazi yako inaanza. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya daktari. Wewe ulikuwa unaenda tu kukazwa kila mwezi na kurudi nyumbani kunywa uji. Sasa unapewa kijisanduku cha plastiki, ndani kuna retaina, na unaambiwa: haya, linda.

Mimi sikulinda. Ndiyo maana naandika.

Kwa nini meno hayatulii

Wengi wetu hudhani jino limesimikwa kwenye taya kama nguzo ya stima kwenye saruji. Sivyo. Jino linashikiliwa na nyuzi nyembamba sana zinazoliunganisha na mfupa. Waya zinapolisukuma polepole, mfupa wa upande linakoelekea hulika kidogo, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Hivyo ndivyo jino lililopinda husogea hadi likanyooka bila kung'oka.

Shida ni kwamba waya zikitoka, ule mfupa mpya bado haujakomaa. Nyuzi za ufizi nazo zimevutwa kama mpira wa suruali, na mpira ukiachiliwa unajua hurudi wapi. Ongeza ulimi unaosukuma meno kutoka ndani, midomo inayosukuma kutoka nje na kutafuna kila siku. Meno ya mbele ya chini ndiyo hupenda sana kurudi kukanyagana. Hata mtu ambaye hajawahi kuvaa waya maishani, meno yake husogea kidogo kidogo kadiri anavyozeeka.

Kwa hivyo retaina si pambo la mwisho wa safari. Ndiyo inayoshikilia kila kitu mahali pake wakati mfupa unajipanga.

Nilimuuliza daktari nitaivaa hadi lini. Akaniambia miezi 6 ya kwanza mchana na usiku, natoa tu nikila na nikipiga mswaki. Baada ya hapo, usiku pekee. Nikauliza tena, hiyo ya usiku ni hadi lini? Akanitazama juu ya barakoa yake. "Hadi siku ambayo hutajali tena meno yako yakae wapi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ziko za aina gani

Ukienda kutengenezewa, utasikia aina tatu. Ya kwanza ni ile ya kizamani, kipande cha plastiki ngumu kinacholala kwenye kaakaa na waya mmoja unaopita mbele ya meno. Inaitwa Hawley, jina la daktari wa meno wa Marekani, Charles Hawley, aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Inaonekana ukicheka, lakini ni ngumu kuvunjika na daktari anaweza kuikaza.

Ya pili ni ile angavu kama kioo, inayofunika meno yote kama soksi. Watu wengi wa umri wetu huitaka kwa sababu haionekani. Ubaya wake ni kwamba inapasuka na kuchakaa haraka, na joto linaiharibu.

Ya tatu haitoki. Ni kijiwaya chembamba kinachogundishwa nyuma ya meno ya mbele. Huwezi kukisahau kwenye meza, lakini kusafisha katikati ya meno ni kazi ya kupitisha uzi kama fundi cherehani. Tena kinaweza kubanduka kwenye jino moja bila wewe kujua, hadi siku utakapoliona limetoka nje ya mstari.

Mimi nilichukua zile angavu, ya juu na ya chini. Nilitaka kupendeza. Wewe muulize daktari wako ipi inafaa mdomo wako, usichague kwa sababu ya TikTok.

Wiki ya kwanza: "Thatha, mko thalama?"

Hapa lazima nikueleze kazi yangu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya uanahabari. Karo ilikuwa imerundikana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuhepa afisi ya fedha. Siku hizi naandika, na pia nasoma matangazo ya biashara ndogo ndogo: saluni, maduka, makanisa yenye mikutano. Mtu ananitumia maneno kwenye WhatsApp, narekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo ili mwangwi upungue, namtumia sauti, analipa kwa M-Pesa. Sauti yangu ndiyo kodi yangu ya nyumba.

Siku ya pili na retaina nikapata kazi ya duka moja la sare za shule. Soma mwenyewe: "Sare safi za shule, sweta, soksi na suruali, sasa kwa bei sawa na bure." Nilipojisikiliza nilitamani kulia. Kila S ilikuwa TH. Katika Kiswahili chote, maneno niliyoyatamka sawasawa yalikuwa thelathini, themanini na thamani.

Kama hayo yanakupata, usishtuke. Ulimi umezoea kugusa nyuma ya meno ili kutoa S, na sasa umekuta ukuta mpya. Unahitaji kujifunza upya, na dawa yake ni moja, kuongea. Ukinyamaza kwa aibu, unachelewa. Mimi nilijifungia keja nikawa makanga: "South B, South C, Satellite, Sunton, Kasarani, Mwiki!" Mara 20 asubuhi, mara 20 jioni. Jirani alinigongea akaniuliza kama nimepata kazi ya matatu. Kufikia siku ya 10, S ilikuwa imerudi.

Mate nayo yatakujaa. Mdomo unadhani umewekewa chakula, kwa hivyo unatoa mate ya kukisaga. Meza tu, yatapungua baada ya siku chache. Utasikia pia meno yamebanwa, hasa asubuhi au ukiivaa baada ya kuitoa kwa muda. Kubanwa kidogo ni kawaida. Lakini ikikuchoma ufizi au ikikutoboa shavu, rudi kwa daktari airekebishe. Usianze kuikata na wembe.

Sasa nikukiri kitu. Ile sare ya shule niliirekodi bila retaina. Niliitoa nusu saa, nikamaliza kazi, nikairudisha. Nusu saa haivunji chochote. Kilichonimaliza ni kwamba nusu saa huzaa nyingine. Kesho yake nikaitoa kurekodi saa moja. Kesho kutwa nikaitoa kwa sababu nilikuwa na mgeni. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikiivaa kama mkanda wa usalama kwenye matatu, yaani nikiona polisi pekee.

Kula mjini na retaina

Maisha ya Nairobi hayakutengenezewa retaina. Sisi hatuli mara tatu kwa siku. Tunakula smoki saa nne, chai na mandazi saa tano, chapo madondo saa saba, mutura jioni tukishuka matatu. Kila mara unatakiwa kuitoa, kuiweka kwenye kijisanduku, kula, kusukutua mdomo, kisha kuirudisha.

Kuna sheria moja rahisi: ukiwa nayo mdomoni, kunywa maji tu. Soda ikiingia chini yake inakwama pale na sukari yake, ikiloweka meno yako kama nguo kwenye karai. Chai ya moto ndiyo mbaya zaidi kwa zile angavu, kwa sababu plastiki hupinda, na ikipinda hairudi. Kwa hiyo hiyo sababu usiiache kwenye dashibodi ya gari jua likiwaka. Na kama una mama kama wangu, ambaye dawa yake ya kila kijidudu ni sufuria ya maji yanayochemka, mweleze mapema.

Beba chupa ndogo ya maji kwenye begi. Osha mikono kabla ya kuigusa. Umeshika chuma cha matatu na noti ya Sh50 ambayo imezunguka Gikomba yote. Na kama uko kwenye deti, omba ruhusa uende msalani. Mimi niliwahi kuitoa pale mezani, uzi wa mate ukanyooka kutoka mdomoni hadi mkononi, na yule jamaa akaanza kusoma menyu upya.

Kuiosha si sayansi. Mswaki laini, maji ya baridi au vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, asubuhi na usiku. Dawa ya meno huikwaruza ile angavu, na kwenye mikwaruzo ndiko uchafu hujificha. Ikianza kunuka au kuwa na ukungu mweupe, iloweke kwa muda kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha uisugue na kuisuuza vizuri. Na kama mna mbwa, iweke juu. Mbwa hupenda harufu ya mate yako kuliko unavyodhani.

Tishu moja, meza moja

Sasa tuje kwa dhambi yangu. Ilikuwa Ijumaa, kwenye kibanda kimoja karibu na soko. Niliagiza madondo na chapati mbili. Kijisanduku nilikuwa nimekiacha nyumbani kwa sababu hakikutoshea kwenye kibegi changu kidogo. Nikatoa retaina zote mbili, nikazifunga kwa tishu, nikaziweka kando ya sahani. Nikala, nikapiga stori, nikalipa, nikaenda.

Nilikumbuka nikiwa nimefika nyumbani, nikiwa tayari nimevua viatu.

Nilirudi mbio. Meza ilikuwa imepanguswa. Mama wa kibanda alinihurumia, akaniletea ndoo ya taka na glavu za plastiki, tukapekua pamoja: maganda ya viazi, mifupa, majani ya chai, tishu zaidi ya 100. Wateja walitutazama kama watu waliopoteza pete ya harusi. Hatukuzipata. Kila daktari wa meno atakwambia hadithi hii hii, kwa sababu tishu ndiyo kaburi la retaina nyingi. Zinafanana na takataka, na takataka hutupwa.

Kitu cha busara kilikuwa kupigia kliniki Jumamosi asubuhi. Lakini nilijua bei, Sh12,000 kwa zote mbili, na kwa simu nilikuwa na Sh1,900. Nikajiambia mwisho wa mwezi. Na hapa ndipo nataka unisikize, kwa sababu huu si ugonjwa wa meno, ni ugonjwa wangu. Ndivyo nilivyoacha chuo. Sikuamka siku moja nikaamua kuacha. Nilikosa wiki moja kwa sababu ya karo, nikaona aibu kurudi, nikakosa ya pili, na kila wiki niliyokosa ikafanya ifuatayo iwe ngumu zaidi.

Waya zangu zililipwa na mathe. Yeye hupika katika shule moja ya msingi, na pesa ilitoka kwenye chama chake, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Nilikuwa na meno yaliyopandana hadi watoto wa ploti waliniita Gikomba. Bima yake ilikataa, ikasema huo ni urembo. Yeye akasema si urembo, huyu mtoto hacheki. Siku waya zilipotoka aliniambia sentensi moja tu: "Chuo uliacha, nikanyamaza. Hayo meno usiyaache."

Kwa hivyo ungemwambiaje?

Wiki ya tatu nikipiga mswaki nilihisi kwa ulimi, kabla hata ya kuona kwenye kioo. Jino moja la chini lilikuwa limeanza kugeuza bega. Kitu kidogo sana, wewe usingekiona. Lakini ulimi haudanganyi.

Nilimwambia

Nilienda kwake Jumapili. Nilimkuta akichambua mboga, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumsaidia ili niwe na mahali pa kuangalia. Nilimweleza yote, tishu, kibanda, wiki tatu. Nilingoja anitajie chuo. Hakunitajia.

Aliuliza, "Na daktari amesema nini?"

"Sijaenda."

"Basi unaniambia mimi nifanye nini? Mimi ni daktari?" Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Kupoteza kitu si kosa. Mimi nimepoteza vitu vingi. Kosa ni kukaa nacho kimya hadi kiwe kikubwa."

Akanipa Sh3,000. Nilikataa, akaniwekea mfukoni. Nyingine nikaipata kwa kuuza taa ya kurekodia video na kuomba malipo ya mapema kwa mteja mmoja. Jumanne nilikuwa kwenye kiti cha daktari, mdomo umejaa ule unga laini wa kuchukulia kipimo cha meno, unaofanana na ugali uliokataa kuiva.

Nilikuwa na bahati. Daktari alisema jino limesogea kidogo tu, na retaina mpya ingelishikilia lisiendelee. Ningengoja miezi mingine, angeniambia nirudie waya. Lile jino halijarudi sawasawa hadi leo. Liko hapo, limegeuza bega kidogo. Nimeamua liwe risiti yangu.

Kabla hujaenda

Kama uko karibu kutolewa waya, weka pesa ya retaina kando tangu mwanzo, na uulize kama imo kwenye bei uliyopewa. Muulize daktari kama unaweza kuhifadhi umbo la meno yako lililotumika kuitengeneza, maana ukiipoteza leo na meno hayajasogea, huenda likatumika tena. Nunua vijisanduku viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja cha begi, vyenye rangi ya kupiga kelele. Usikipate cheupe.

Ukiipoteza, piga simu siku hiyo hiyo. Usipokuwa na pesa, piga simu hata hivyo. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu au kuanza na moja. Ukikuta ya zamani na haiingii, usiisukume kwa nguvu. Kama haiingii, meno yamehama, na kuilazimisha ni kujiumiza.

Na usikubali njia za mkato. Kuna watu mtandaoni wanaobandika waya za urembo kwenye saluni, na wengine wanakufundisha kufunga mwanya kwa mpira wa nywele. Ule mpira huteleza chini ya ufizi ukaharibu mfupa unaoshikilia jino, na watu wamepoteza meno mazima kwa sababu yake. Baraza la KMPDC lina orodha ya madaktari wa meno waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Tafuta jina kabla hujafungua mdomo. Na kama mwanya wako unaupenda, uache. Hapa kwetu kuna watu wangelipa kuupata.

Siku hizi navaa yangu kila usiku. Kijisanduku ni cha rangi ya chungwa, kinakaa juu ya chaja ya simu, kwa sababu simu sijawahi kusahau kuchaji. Usiku mwingine nafika nimechoka, nimelala na viatu, na nasikia kile kijisauti kikiniambia leo tu, usiku mmoja hauna neno. Najua hicho kijisauti. Kilinitoa chuoni.

Naamka, naiosha, naivaa. Mathe bado huniuliza kwenye simu kabla hajakata: "Umevaa?" Nami humjibu nayo ikiwa mdomoni, na S zote ziko mahali pake: "Ndiyo mathe, nimevaa. Lala salama."